Bei ya chini inajengwa, haipunguzwi tu: somo kutoka kliniki ya sindano



Somo la leo ni refu kidogo. Kama uko kwenye daladala, lihifadhi usome jioni ukiwa umetulia. Na utafute kalamu, maana kuna hesabu.

Swali ninaloulizwa inboksi kuliko yote ni hili: "Dada, wateja wananiambia bei yangu iko juu. Nipunguze?" Wengi wakiuliza wanakuwa wameshapunguza tayari, wanatafuta tu mtu wa kuwaambia wamefanya vizuri. Kwa hiyo kabla sijajibu, tupige hesabu.

Tuseme unanunua bidhaa kwa 8,000 unauza 10,000. Mfuko, bando na vigharama vingine vidogo vidogo vinakula 500 kwa kila mzigo. Faida yako halisi ni 1,500. Ukiuza kumi umepata 15,000.

Sasa mwenzako wa Instagram kaweka 9,000, na wewe ukashuka mpaka 9,000. Umepunguza 1,000 tu, asilimia 10. Lakini faida yako imetoka 1,500 imekuwa 500. Ili upate ile ile 15,000 inabidi uuze thelathini. Bei imeshuka kidogo, kazi imeongezeka mara tatu: kufunga mara tatu, kujibu meseji mara tatu, kusumbuana na boda mara tatu. Na mtaji wa kununua mzigo wa thelathini badala ya kumi unautoa wapi?

Ndiyo maana kuna biashara zinakufa huku zina wateja. Simu inaita mchana kutwa, mwenye biashara yuko hoi, na siku ya kwenda kuchukua mzigo mpya anafungua pochi anakuta hela haitoshi.

Lakini upande wa pili nao ni wa kweli. Wateja wetu wengi kipato chao ni kidogo. Mtu anaipenda bidhaa, anaihitaji, ila hela hana. Sasa je, inawezekana ukauza bei ya chini kweli kweli na bado biashara ikasimama?

Inawezekana. Na mfano mzuri kuliko yote ninaoujua hautoki Kariakoo. Unatoka kwenye kliniki ndogo ya tiba ya sindano kule Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Najua unajiuliza kliniki ya sindano na magauni yako wapi na wapi. Nifuate taratibu.

Kwanza tuelewane hiyo sindano ni ipi

Akupancha ni tiba ya asili ya Kichina. Mtaalamu anachoma sindano nyembamba sana sehemu fulani za mwili. Sindano hizo hazina dawa ndani. Mteja anakaa nazo kama nusu saa au zaidi, kisha zinatolewa. Wengi wanaokwenda ni watu wenye maumivu ya mgongo, shingo, kichwa na magoti. Watafiti bado wanabishana inasaidia kiasi gani na kwa tatizo gani. Mimi si daktari, na somo hili si ushauri wa afya. Ukiumwa nenda hospitali. Mimi nimevutiwa na namna walivyopanga biashara yao.

Kule Marekani tiba hii kwa kawaida ilikuwa ya watu wenye nafasi. Unaingia chumba chako peke yako, kitanda kisafi, muziki laini, mtaalamu yuko na wewe mmoja tu, mara nyingi karibu saa nzima. Bei yake dola 60, 80, 100 na zaidi kwa mara moja.

Na sindano si kitu cha kwenda siku moja ukamaliza. Wataalamu wake wanashauri mtu aende mara moja au mbili kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Chukua dola 80 zidisha mara 8, unapata dola 640. Dereva wa basi, mama anayesafisha maofisi, kijana wa kubeba mizigo ghalani, hao hela hiyo wataitoa wapi?

Mwaka 2002 Lisa Rohleder na mwenzake Skip Van Meter wakafungua kliniki yao Portland, kwenye mtaa wa watu wa kipato cha kawaida unaoitwa Cully. Wakaipa jina Working Class Acupuncture, yaani akupancha ya watu wa kipato cha jasho. Bei waliyoweka ilikuwa dola 15 mpaka 35. Mteja mwenyewe anaamua alipe ngapi kati ya hapo. Haulizwi mshahara wake, haonyeshi karatasi yoyote.

Usije ukadhani ilikuwa sadaka au kulikuwa na mfadhili nyuma ya pazia. Kodi ya jengo, sindano na malipo ya wafanyakazi vilitegemea hizo hela za wateja. Sasa tuone walifanyaje.

Somo la 1: Walianza na mfuko wa mteja, wakarudi nyuma kwenye gharama

Sisi wengi tunapanga bei hivi: bei ya kununulia, jumlisha usafiri, jumlisha faida, basi. Mteja akilalamika, tunakata kwenye faida, kwa sababu ndiyo sehemu rahisi kukata. Haina mdomo wa kulalamika.

Wale walianza na swali jingine: mtu wa mtaa huu anaweza kutoa kiasi gani, tena mara kwa mara, bila kukopa? Wakishapata jibu, wakajiuliza: huduma hii tuitoeje ili kwa bei hiyo na sisi tule?

Ona tofauti. Hawakuchukua huduma ya dola 80 wakaiuza kwa dola 20. Wangefanya hivyo wangefunga mapema. Walitengeneza huduma mpya kabisa ambayo gharama yake inaendana na dola 20. Bei ya chini ikatoka kwenye mpangilio, faida haikuguswa.

Hili ndilo somo lenyewe, mengine yote yanalifuata. Punguzo ni kuacha kazi ilivyo na kula faida yako. Bei nafuu ni kubadilisha kazi mpaka bei hiyo iweze kubebeka.

Somo la 2: Walijua kinachowabana ni kitu gani

Kila biashara ina kitu kimoja kinachoibana kuliko vyote. Kwao sindano hazikuwa tatizo, zenyewe ni za bei ndogo. Kilichobana ni saa ya mtaalamu. Akihudumia mteja mmoja kwa saa, huyo mmoja ndiye anayelipa gharama yote ya saa ile.

Wakafikiri hivi: mteja akishachomwa sindano, nusu saa nzima mtaalamu hana cha kumfanyia. Mteja anapumzika tu. Sasa kwa nini mtaalamu asimhudumie mwingine muda huo?

Wakaweka chumba kimoja kikubwa chenye viti vya kuegemea, vile ambavyo mtu anajilaza miguu ikiinuka. Wateja wanakaa pamoja. Mtaalamu anamchoma wa kwanza, anahamia kwa wa pili, wa tatu, wa nne. Akifika wa tano, yule wa kwanza bado anasinzia. Na hakuna haja ya kuvua nguo, kwa sababu wanatumia zaidi sehemu za chini ya kiwiko, chini ya goti, masikioni na kichwani. Unakunja mikono ya shati na miguu ya suruali, basi. Mambo ya vyumba vingi na vitanda yakaisha hapo.

Wazo la kukaa pamoja wenyewe hawakulibuni. Lilikuwepo New York toka miaka ya 1970, kwenye hospitali ya Lincoln kule South Bronx. Wanaharakati wa Young Lords na Black Panthers walishinikiza ianzishwe huduma ya watu walioathirika na heroini, na mwaka 1970 ikaanza. Baadaye akupancha ya masikioni ikaingia pale. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo alikuwa Mutulu Shakur, baba wa kambo wa yule Tupac unayemjua. Watu walikuwa wengi na hela hazikuwepo, kwa hiyo walikaa kwa kundi kwenye viti, kila mtu na sindano zake masikioni. Utaratibu wa sindano tano za sikio ulikulia hapo, na mwaka 1985 kikaanzishwa chama cha kuueneza, NADA.

Kwa hiyo hata mpangilio mzuri wa biashara si lazima uubuni. Angalia nani alishalitatua tatizo kama lako kabla yako.

Turudi kwako. Wewe kinachokubana ni nini? Ukikaa ukichunguza, kwa wauzaji wengi wa mtandaoni huwa ni kimoja kati ya viwili.

Cha kwanza ni usafirishaji. Mteja mmoja yuko Kimara, unamwita boda, 5,000. Kesho mwingine Mbezi, boda tena, 5,000. Keshokutwa Kibamba. Wote wako kwenye barabara moja ya Morogoro! Mimi nauza viungo vya chai na pilau, na nilichofanya ni kupanga siku. Barabara ya Morogoro ni Jumanne na Ijumaa. Kigamboni ni Alhamisi. Boda anatoka na mizigo mitano kwa mpigo. Tuseme safari hiyo ndefu anataka 12,000. Gawanya kwa watano, kila mteja ni 2,400 badala ya 5,000. Bei ya viungo sijaigusa, lakini mteja kapata unafuu wa 2,600. Hicho ndicho chumba chetu cha viti vingi.

Cha pili ni muda wako wa simu. "Bei gani?" "Ipo rangi gani?" "Uko wapi?" Unajibu maswali yale yale mara arobaini kwa siku, mmoja mmoja, kama yule mtaalamu wa chumba cha peke yake. Weka bei hadharani. Weka picha moja yenye vipimo, rangi na siku za kupeleka mzigo, uibandike juu ya ukurasa wako. Kwenye WhatsApp biashara andaa majibu ya haraka. Mteja anayebaki na swali ndiye umpe muda wako.

Somo la 3: Kiti kitupu ndicho kinachoua

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mtu anaiga nusu halafu anaumia.

Chukua mfano wa hesabu. Mtaalamu wa chumba cha peke yake anapata mteja 1 kwa saa, dola 80. Kliniki ya viti inapata wateja 5 kwa saa, kila mmoja dola 20, jumla dola 100. Vizuri, imemzidi.

Wakija 4 ni dola 80, wako sawa. Wakija 2 ni dola 40. Amefanya kazi kwa nusu ya hela ya mwenzake, na kodi ya kile chumba kikubwa iko pale pale.

Maana yake nini? Mpango wa bei ya chini una namba yake ya kufa na kupona. Kwenye mfano huu namba ni 4. Chini ya hapo, bei ya chini si huruma tena, ni hasara.

Na wewe tafuta namba yako. Kwenye ule mfano wangu wa boda, wakiwepo watano kila mmoja ni 2,400. Wakiwepo watatu, 12,000 gawanya kwa tatu ni 4,000. Wakiwepo wawili ni 6,000, yaani zaidi ya ile 5,000 ya boda wa mmoja mmoja. Kwa hiyo namba yangu ni watatu. Wakiwa chini ya watatu safari ya siku hiyo haitoki, na wateja nawaambia mapema kabisa: "Mpendwa, Ijumaa hii mizigo haijafika idadi, wako unatoka Jumanne, au kama una haraka tunakuitia boda wako." Hakuna aliyenikasirikia kwa kuambiwa ukweli mapema. Wanaokasirika ni wale wanaokaa wanasubiri bila taarifa.

Somo la 4: Kata vya kukata, usiguse sindano

Ili dola 20 isimame, wale watu walikata vitu vingi. Viti vya kawaida, hata vilivyotumika. Hakuna mapambo ya hoteli. Maongezi na mteja ni mafupi. Hawakujiingiza kwenye makaratasi ya kudai malipo kampuni za bima, maana kazi ile inataka mtu wa kuifanya na mtu huyo anataka mshahara.

Lakini kuna kitu hawakukata. Sindano. Sindano safi, ya kutumika mara moja, mtu mmoja, kisha inatupwa. Hapo hakuna mjadala wala "tubane matumizi". Ukiokoa hela kwenye sindano umeua mtu, na kliniki umeifunga.

Na wewe una sindano yako. Kwa anayeuza chakula ni usafi na tarehe ya kuisha muda. Kwa anayeuza vipodozi ni kujua kilichomo ndani na kutochanganya vitu vyako mwenyewe jikoni. Kwa anayeuza nguo ni picha iwe ya nguo yenyewe, si ya nguo ya kwenye intaneti. Kwangu mimi ni uzito na usafi wa viungo: gramu 100 ziwe gramu 100.

Chukua karatasi uchore mstari katikati. Upande mmoja andika vitu ambavyo mteja wako hatavikumbuka wiki ijayo: boksi la kung'aa, riboni, kadi yenye nembo ya dhahabu. Upande wa pili andika kitu ambacho kikiharibika hatarudi tena maishani. Ukibanwa, kata upande wa kwanza. Nimeona watu wanafanya kinyume, kifungashio kizuri kama cha harusi, ndani mzigo haueleweki.

Somo la 5: Mteja achague bei bila kuomba

Ile bei ya dola 15 mpaka 35 ina akili kubwa ndani yake. Mwenye nafasi analipa ya juu, mwenye hali ngumu analipa ya chini, na wote wanakaa kwenye viti vya aina moja wanapata huduma ile ile. Hakuna anayelazimika kueleza shida zake mapokezi mbele za watu.

Kwetu sisi jambo hili tunalifanya kwa njia inayochosha: "Punguza kidogo dada." "Nipe ya mwisho." Anayejua kubembeleza anapata 8,000. Mnyonge, mwenye aibu, analipa 10,000, na pengine ndiye mwenye shida zaidi. Siku wakikutana wakaambizana, umewapoteza wote wawili.

Bidhaa si kama huduma, nakubali. Mzigo umeununua kwa hela, huwezi kumwambia mteja alipe anavyojisikia halafu akakulipa chini ya bei ya kununulia. Ila unaweza kuweka ngazi zako wazi, kila mtu akajichagulia:

• Bei ya haraka na bei ya kusubiri. Anayetaka leo analipa boda wake. Anayesubiri siku ya mzigo analipa kidogo.

• Vipimo vidogo. Kiungo kile kile, gramu 50, 100 na 250. Mwenye kidogo hanunui kitu kibovu, ananunua kichache.

• Kuchukua mwenyewe. Akifika mahali mlipokubaliana, hela ya usafiri haipo.

Sharti ni moja. Ngazi ya chini kabisa lazima ikuachie faida. Hata kama siku hiyo wote watachagua ya chini, jioni uwe umepata kitu. Ukishaipanga hivyo, mtu akiomba punguzo humkatalii. Unamwambia, "Ipo bei ya kusubiri, nikuwekee ya Jumanne?" Heshima yake imebaki, faida yako imebaki.

Somo la 6: Bei ya chini inamtaka mteja anayerudi

Kwa nini dola 20 ilifanya kazi? Kwa sababu mtu alikuwa anarudi. Anayelipa dola 80 mara moja halafu akashindwa kurudi ameleta dola 80. Anayelipa dola 20 mara 8 ameleta dola 160, na huenda akaja na mume, mama mkwe na jirani. Bei ilishushwa makusudi ili kurudi kuwezekane, na kurudi ndiko kulikolipa kodi.

Sasa jiulize: ninachouza mtu anakirudia? Sabuni, mafuta, viungo, nepi, mayai, mitumba ya watoto wanaokua kila kukicha, hivi vinarudiwa. Bei ya chini inaweza kukulipa. Lakini kama unauza shela, kabati au jokofu, mteja huyo utamwona tena baada ya miaka. Faida ndogo ya mara moja haitakujengea chochote. Wewe shindana kwa uaminifu, kwa picha za kweli, kwa kupeleka kwa wakati, na bei yako iwe na faida ya kueleweka.

Na kama bidhaa yako inarudiwa, je, wateja unawarudisha? Andika kwenye daftari nani kanunua nini na lini. Kopo la viungo linaisha kama baada ya mwezi. Siku ya ishirini na tano namtumia meseji: "Habari dada, ile masala bado ipo? Ijumaa mzigo unakuja upande wako." Meseji moja tu, si kumsumbua kila siku. Inaleta mauzo kuliko tangazo nililolipia.

Somo la 7: Hawakuficha mfumo wao

Wale wa Portland wangeweza kukaa kimya wakala peke yao. Badala yake walieleza namna wanavyofanya, bei, viti, hesabu, wengine wakaiga katika miji mingine. Mwaka 2011 ukaanzishwa ushirika unaoitwa POCA, ambao wanachama wake hawakuwa wataalamu na kliniki tu, hata wateja walikuwamo. Baadaye wakaona vyuo vya akupancha ni ghali na vinawaacha vijana na madeni makubwa, na mwenye deni kubwa hawezi kutoza dola 20. Wakaanzisha chuo chao wenyewe chenye ada ya chini.

Ona walivyofuata gharama mpaka kwenye mzizi. Kama mtaalamu anaanza kazi na deni, bei ya chini ni ndoto.

Kwetu mzizi ni bei ya kununulia mzigo. Muuzaji mmoja akienda dukani kuchukua vipande sita, anapewa bei ya vipande sita. Wauzaji watano wanaoaminiana wakichanga wakanunua pamoja wanapata bei ya jumla, na usafiri wanagawana. Hapo ndipo unaweza kushusha bei na faida ikabaki pale pale. Ila muandikishiane: nani katoa ngapi, nani anakwenda kuchukua, mzigo ukiharibika njiani nani anabeba. Urafiki bila maandishi huwa unaisha siku ya kugawana.

Mipaka ya mfumo huu

Nisikudanganye kwamba haya mambo hayana upande mbaya. Mwaka 2020 Uviko-19 ilipoingia, kitu kilichokuwa nguvu ya kliniki hizi, watu wengi chumba kimoja, kikageuka kuwa udhaifu wao. Viti vikawa vitupu, na tumeshaona kiti kitupu kinafanya nini.

Biashara ya faida ndogo haina mafuta mwilini. Miezi miwili mibaya inakufikisha kwenye mfupa. Kwa hiyo ukichagua njia hii, weka akiba mapema, hata kama ni 500 kwa kila mzigo, sehemu ambayo hutaigusa kwa ajili ya sikukuu wala mchango wa harusi. Na usitegemee njia moja tu ya kuuza. Akaunti ikifungiwa kesho, namba za wateja wako ziko wapi? Ziwe kwenye daftari.

Jingine, kama umesoma ukavutiwa na sindano zenyewe, tafadhali hiyo ni kazi ya mtu aliyesomea na mwenye kibali. Usije ukaanza kuchoma watu sebuleni.

Zoezi la wiki hii

1. Andika faida yako halisi kwa bidhaa moja, baada ya kutoa kila kitu, mpaka bando.

2. Andika kitu kimoja kinachokubana zaidi: usafiri, muda wa simu au bei ya kununulia.

3. Kibadilishe hicho kwanza kabla hujagusa bei.

4. Tafuta namba yako ya kufa na kupona: chini ya wateja wangapi mpango wako unakula mtaji?

5. Panga ngazi mbili au tatu za bei, na uhakikishe hata ya chini kabisa ina faida.

Kwa hiyo dada yangu, kaka yangu, ukiniuliza "nipunguze bei?", jibu langu ni swali: umebadilisha nini kwenye kazi yako ili hiyo bei mpya iweze kubebeka? Kama hakuna ulichobadilisha, usipunguze. Mteja ambaye hela haitoshi mpe bei ya kusubiri, mpe kipimo kidogo. Ukishabadilisha, shusha bila hofu, kwa sababu mwenzako atakayekuiga kwa kukata faida yake tu hatafika mbali.

Niandikie hapo chini: unauza nini, na kinachokubana ni kipi? Nitapita kwa kila mmoja tupige hesabu pamoja. Na kama una mwenzako anayeuza kwa hasara huku akijisifu ana wateja wengi, mtumie hili somo kabla hajaenda kuchukua mzigo mwingine.